Kubadilisha sakafu na vizingiti vya Volkswagen Beetle: kupima, kufunga, kukata, kuchomelea

Ukitaka kujua hali halisi ya Beetle, usianze na injini wala rangi. Ng'oa kiti cha nyuma, toa betri, kunja zulia la upande wa kulia, kisha chukua bisibisi pana na uigonge sakafu kwa ncha yake. Bati zima hulia. Bati lililooza huitika kama boksi la karatasi, na mara nyingi bisibisi hutokezea upande wa pili. Hapo ndipo panapooza mapema, kwa sababu betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na tindikali huvuja kidogo kidogo miaka yote. Kutoka hapo fuata ukingo wa sakafu hadi mbele miguuni, halafu piga magoti nje ya gari ukigonge kizingiti cha chini ya mlango. Kikiitika vilevile, endelea kusoma.

Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003. Kwa hiyo mabati yake mapya bado yanapatikana, jambo ambalo wenye magari mengine ya zamani hulitamani. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na hadi leo liko kwenye nyua nyingi za Afrika Mashariki likingoja mtu. Lililokaa karibu na bahari hungoja huku chumvi ikilila.

Lijue umbo lake kwanza

Beetle ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Chini kuna chesisi: uti wa kati unaopita katikati ya gari toka mbele hadi nyuma, na nusu mbili za sakafu zilizochomelewa kila upande wa uti huo. Juu kuna bodi, na ukingo wa chini wa bodi ni vizingiti viwili, kushoto na kulia. Kati ya bodi na chesisi hulala mpira mwembamba.

Ndani ya kila kizingiti hupita hewa ya moto itokayo kwenye injini kwenda mbele ya dereva. Kwa kuwa Tanga au Mombasa hakuna anayehitaji hewa ya moto, mafundi wengi huviona vizingiti hivi kama mapambo, huvikata na kuziba kwa bati bapa. Hilo ni kosa kubwa. Kizingiti ndicho kinachoshika nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa zisiachane. Kikioza, bodi hulegea katikati: mwanya wa juu ya mlango, kwenye kona ya nyuma, hubanwa, na ule wa chini hufunguka. Ukiona mlango unaopaswa kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge, usikimbilie kulaumu bawaba.

Kununua bati

Mpe muuzaji mwaka wa gari, usiseme "Beetle" tu. Modeli za 1302 na 1303 zina chesisi tofauti upande wa mbele, na kuanzia modeli ya 1973 reli za viti zilibadilika, kwa hiyo nusu ya sakafu ya gari la 1968 haitapokea kiti cha gari la 1974. Pima unene kwa kalipa. Mimi sinunui sakafu iliyo chini ya milimita 1, hata iwe ya bei gani. Angalia pia kama sehemu ya kuingizia jeki imeshachomelewa au inauzwa peke yake.

Rangi nyeusi inayokuja na bati jipya ni ya safari tu; usiitegemee kuzuia kutu. Na bati la zamani usilitupe hadi gari litembee. Kila utakapojiuliza tundu la waya lilikuwa wapi, jibu litakuwa kwenye lile gofu.

Kuna wanaouliza kama si nafuu kupiga viraka. Kiraka kimoja cha ukubwa wa sahani, penye bati zima pande zote, ni kazi halali. Viraka vitano juu ya viraka vya mwenzako wa zamani, kisha puti (lahamu ya kujazia mabonde ya bati) na lami nyeusi juu yake, ni gari la kuuzwa. Ndiyo maana huwa naogopa Beetle iliyotoka kupakwa rangi juzi: kibaya chajitembeza.

Petroli kabla ya cheche

Tangi la petroli liko mbele, juu ya miguu ya dereva na abiria, na bomba la petroli hupita ndani ya uti wa kati, palepale utakapochomelea. Toa tangi kabisa, ulipeleke mbali na karakana. Puliza bomba kwa hewa hadi likauke, uzibe ncha zote mbili. Toa betri. Toa mazulia, viti, na ile mikeka ya lami iliyogandishwa sakafuni, kwa kuwa huwaka polepole na kutoa moshi mzito wakati wewe umejifunika uso huoni kitu. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, na ndoo ya maji. Ukimaliza kuchomelea jioni, kaa nusu saa zaidi ukinusa na kutazama kabla ya kufunga karakana.

Mambo mawili ya sumu. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea juu yake: joto na mwanga wa weldi huweza kuigeuza kuwa fosjini, gesi inayoharibu mapafu. Na bati lenye zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku ule. Kwangua zinki pembeni mwa weldi, fungua milango ya karakana, vaa barakoa ya mafundi, si ya kitambaa.

Funga bodi kabla ya kukata

Hatua hii haifai kufupishwa. Gari langu la kwanza nilikata kizingiti cha kushoto asubuhi, nikafurahi kuona kazi inakwenda haraka. Jioni nikajaribu mlango: ulikuwa umepanda juu ya nguzo ya kitasa kwa upana wa kidole. Nguzo zilikuwa zimeachana, na nilihangaika wiki mbili kuzirudisha.

Anza na gari likiwa sawasawa, chesisi ikiwa imekaa kwenye stendi nne juu ya sakafu ngumu, ukihakikisha kwa pimamaji. Kama milango tayari imekaa vibaya, vipimo utakavyochukua vitakuwa vya bodi iliyolegea, na utaifunga bodi kwenye kasoro yake. Weka ubao na jeki chini ya nguzo ya bawaba, nyanyua kidogo kidogo, ukifungua na kufunga mlango kila mara, hadi mianya ilingane. Hapo ndipo uchukue vipimo: toka kona hadi kona za mlango, mishazari yote miwili; toka nguzo ya kushoto hadi ya kulia, juu na chini. Viandike kwa kalamu kwenye dari la ndani. Karatasi hupotea.

Kisha kata bomba mraba za inchi moja. Moja ipite toka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kwa kila mlango, nyingine toka nguzo ya kitasa ya kushoto hadi ya kulia, na moja ya mshazari. Zichomelee kwenye bati zima lililo juu zaidi ya sehemu iliyooza, na zote ziwe upande wa ndani wa nguzo. Sababu ya kuziweka ndani ni kwamba mlango lazima uweze kufungwa bomba zikiwa mahali pake. Usipoweza kufunga mlango, huna cha kukuongoza.

Kutoa bodi na kukata sakafu

Bolti ndogo za pembeni ni M8, kichwa cha 13. Kubwa za mbele na nyuma ni M10, kichwa cha 17. Zipulizie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla. Zitakazokatika, zikatike; vizingiti vipya huja na nati zake. Tenganisha usukani, nyaya za umeme, bomba la breki linaloingia kwenye chombo cha maji ya breki, na nyaya za spidi na hewa moto. Watu sita hunyanyua bodi tupu bila taabu. Wape mlo, kwa sababu utawaita tena.

Kama sakafu na vizingiti vyote vimeoza, mimi huanza na sakafu. Sakafu mpya, ikiwa na matundu yake ya bolti mahali sahihi, ndiyo itakayonionyesha kizingiti kikae wapi. Wapo wanaoanza na vizingiti na wanafika, lakini wanapima zaidi.

Fanya nusu moja kwanza, uichomelee hadi iishe, ndipo ushike ya pili. Ukikata zote mbili kwa pamoja, uti wa kati hubaki kama kijiti na huweza kujikunja bila wewe kujua. Weka stendi chini ya kichwa cha chesisi mbele na chini ya bomba la springi za nyuma, uangalie kwa pimamaji kila hatua.

Kata sehemu kubwa ya sakafu kwa grainda, ukiacha utepe wa sentimita mbili kando ya uti. Safisha utepe kwa brashi ya waya hadi uone vidoa vya mviringo: hizo ndizo spoti za kiwandani, yaani nukta za weldi zinazoshikanisha mabati mawili. Piga kila moja alama kwa senta-panchi, kisha toboa kwa biti bapa ya kukatia spoti, milimita 8, ukiishia pale bati la juu linapoachia. Bati la chini libaki. Patasi nyembamba na nyundo ndogo vitamaliza kubandua utepe. Angalia kwa makini bati lipi lilikuwa juu na lipi chini kwenye kila mshono, na urudishe vilevile. Maji ya barabarani hufuata mshono uliopandana kinyume. Kumbuka pia kwamba ndani ya uti kuna mirija ya waya wa klachi na wa mafuta pamoja na lile bomba la petroli. Diski ya grainda isiingie zaidi ya unene wa bati.

Kupachika

Bati jipya halitakaa mara ya kwanza. Huwa na ukingo uliozidi huku, umepungua kule. Libandike, chora kwa chaki, litoe, punguza milimita mbili, libandike tena. Mara kumi ni kawaida, na hapa ndipo ilipo nusu ya kazi yote. Nyoosha ukingo wa uti wa zamani kwa nyundo ukiwa umeegemeza chuma kizito nyuma yake, hadi mabati mawili yagusane bila mwanga kupita. Mwanya wa milimita moja kati ya mabati hutoa weldi inayochoma bati la juu na kutoligusa la chini.

Yakishakaa, toboa matundu ya milimita 6 kwenye ukingo wa bati jipya, kila baada ya sentimita 3. Hayo ndiyo utakayojaza kwa weldi badala ya spoti za kiwandani. Kwangua rangi pande zote mbili za mshono hadi chuma king'ae, paka praima ya zinki ya kuchomelea katikati ya mabati, kisha pitisha biti ndani ya kila tundu kuondoa praima mahali weldi itakapotua. Shikilia kwa vibano na skrubu za kujichimbia.

Sasa piga nukta chache tu, yaani weldi ndogo za kushikilia kwa muda, na uwaite wale watu sita. Shusha bodi juu ya chesisi, tazama kama matundu ya bolti yanakutana, hasa zile kubwa za mbele na za nyuma. Ukiona tofauti, nukta sita hukatwa kwa dakika kumi. Weldi sitini hukatwa kwa siku nzima.

Kuchomelea

Mashine inayofaa ni ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe kupitia tochi, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi. Mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi hutoa moto laini zaidi. Kaboni dayoksaidi tupu ni rahisi kupata na inafaa, ila hurusha cheche nyingi na hupenya zaidi, kwa hiyo punguza umeme. Gesi iwe lita 8 hadi 12 kwa dakika, na feni uizime, kwani upepo ukiifukuza gesi weldi hujaa matundu kama sifongo. Ukitumia waya usiohitaji gesi, badili nguzo za mashine: kwa gesi tochi huwa chanya, kwa waya ule huwa hasi. Wengi hulisahau hili na kuilaumu mashine.

Mashine ya fito tunayoiona kila mtaa ni nzuri kwa geti. Fito ya milimita 2.5 kwenye bati la milimita 1 hufungua dirisha. Moto wa gesi na oksijeni ni habari nyingine: mafundi bodi wa zamani waliufanyia maajabu, wakichomelea na kugonga papo hapo, lakini hueneza joto mbali na unahitaji mkono wa miaka.

Chukua vipande vya sakafu uliyoikata, ukavisafisha, ujaribie hapo. Jaza matundu matatu, kisha bandua mabati kwa patasi. Weldi nzuri itang'oka na kipande cha bati la chini, ikiacha shimo. Ikibanduka safi kama kitufe, haikushika. Ongeza umeme, au anza moto katikati ya tundu kwenye bati la chini kwanza, kisha zungusha kuelekea ukingoni. Ukitazama nyuma uone duara la bluu na kijinundu kidogo, umefika.

Kwenye gari lenyewe anza katikati ya mshono, kisha ruka: moja mbele, moja nyuma, moja katikati ya hizo. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea zaidi ya kilivyotanuka, na kunywea huko ndiko kunakovuta bati likabonyea. Weka kiganja karibu na weldi ya mwisho. Usipoweza kukiacha hapo, ngoja. Usipoze kwa maji wala kitambaa kibichi. Penye uwazi, egemeza kipande cha shaba nyuma, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hakishiki kwenye shaba.

Kwa bati la nje, mfano kipande cha chini nyuma ya mlango, mabati hayapandani; hukutana ncha kwa ncha kwa mwanya wa unene wa waya. Nukta kila sentimita 2.5, kisha katikati yake, kisha katikati tena. Baada ya kila nukta chache, isage iwe chini, egemeza chuma nyuma, igonge polepole kwa nyundo bapa. Kugonga hutanua kile ambacho weldi imekinywesha. Ukiacha kugonga hadi mwisho, utakuwa unajaza puti.

Vizingiti, mlango ukiwa mahali pake

Rudisha bodi juu ya sakafu mpya, ukitumia vipande vya mpira wa zamani katikati ili urefu uwe sawa. Mpira mpya utaungua bure sasa hivi. Funga bolti za mbele na nyuma. Upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Toboa spoti za kizingiti kwenye miguu ya nguzo zote mbili na kwenye bati la nyuma chini ya kiti, ukikate vipande, ukitoe. Mguu wa nguzo nao huwa umeoza, uunge kwanza. Ingiza kizingiti kipya, kifunge kwenye sakafu kwa bolti zake za M8, zote, kwa mkono. Sasa ning'iniza mlango na uufunge. Tazama mianya pande zote. Mimi hupenda milimita 4 hivi, na hutumia vijiti vya mbao vya unene huo kupimia. Kama mlango umekaa, bana nguzo kwenye kizingiti, piga nukta mbili kila nguzo, fungua na funga mlango. Nukta nyingine mbili, mlango tena. Ni kazi ya kuchosha. Ukishajaza weldi zote, pima ile mishazari uliyoiandika darini, na bomba za ndani usizikate hadi kizingiti cha pili kikamilike.

Madigadi ya Beetle hufungwa kwa bolti, hayachomelewi. Weka utepe wa mpira katikati, ingiza bolti zote kwa mkono, ndipo ukaze.

Kuziba

Kutu ijayo itaanzia nyuma ya weldi, mahali rangi iliungua na mkono haufiki. Paka praima kwenye kila weldi siku hiyohiyo, kisha silanti ya mishono juu na chini, kisha rangi ya chini ya gari. Ndani ya vizingiti ingiza mpira mwembamba wa kupulizia nta, uuvute nje polepole ukiwa unapuliza, hadi nta itone kwenye vitundu vya kutolea maji. Usivizibe vitundu hivyo.

Tandaza mpira mpya, shusha bodi mara ya mwisho, kaza bolti kwa zamu toka katikati kwenda pembeni. Baada ya kilomita mia chache zikaze tena, maana mpira utakuwa umejibana. Na kabla ya kurudisha kiti cha nyuma, hakikisha betri imefungwa kwa mkanda wake na kifuniko chake kiko juu. Springi za kiti kile ni chuma kitupu. Abiria mnene akikaa zikagusa nguzo za betri, kiti huwaka moto.